Upande Aliokimbia Nao Mama

Kwenye benchi la kliniki ya meno pale Majengo, Brayson hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia mlango wa daktari, akakaa tena. Dada yake Judica, aliyeketi kando yake huku ameziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake, alimvuta shati.

"Kaka, tulia. Watu wanatutazama."

"Nimeacha mtoto mgonjwa nyumbani."

"Umemwacha na mama yake. Na Bibi yupo."

"Ndiyo maana sina wasiwasi," Brayson alisema, akasimama tena.

Mtoto huyo aliitwa Remmy, mzaliwa wake wa kwanza, bado hajaanza kukaa. Tangu juzi alikuwa anaharisha na mwili unamwaka. Ananyonya kidogo, anaacha, anatafuna ngumi yake kwa hasira. Mkewe Nasma alitaka wampeleke hospitali. Brayson akakataa, akasema Bibi aje kwanza. Bibi Tabu akapanda gari kutoka Lusewa, akafika Mjimwema, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole na kuona vivimbe viwili vyeupe kwenye fizi ya juu, kimoja kila upande. Akatikisa kichwa.

"Meno ya plastiki haya," alisema. "Yasipotoka, mtoto anaondoka."

Brayson hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikulia kwenye sifa za kazi hiyo. Kule Lusewa mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, watu humtazama fizi, na vivimbe vile vikionekana, anaitwa Bibi Tabu. Yeye huyachimbua meno kabla hayajaota, kwa ncha ya spoku ya baiskeli, kisha hupaka chumvi na majani anayoyajua mwenyewe. Wanaume wenye ndevu humwamkia njiani na kumwambia, Bibi, mimi ni wako, uliniokoa. Brayson alikuwa anatembea kijijini kifua mbele kwa sababu ya mwanamke huyo.

Spoku ya safari hii aliinoa yeye. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jana jioni aliisaga ile ncha kwenye mashine ya karakana yake mpaka ikawa kama sindano, akaisugua ikang'aa, akampa Bibi kwa mikono miwili. Angependa awepo leo amshike mtoto mwenyewe. Lakini daktari wa kupanga meno huja Songea kutoka Mbeya mara moja tu kwa mwezi, na Judica ameisubiri siku hii tangu masika. Bibi alisema ataanza kazi jua likishapanda, akishachuma majani yake. Kwa hiyo asubuhi Brayson alimwambia Nasma mbele ya Bibi, "Bibi akisema shika, shika. Akisema fungua, fungua. Sitaki kusikia kingine."

Nasma, binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru, alichukua kitenge chake. Alimbeba mtoto, akaingia naye chumbani.

Jua sasa lilikuwa limeshavuka paa la duka la mbolea ng'ambo ya barabara.

"Judica," sauti iliita. "Ingia na mwenzako."

Dk. Oliva alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mkufu. Aliitikia shikamoo zao bila kuinua macho, akageuza skrini ya kompyuta ili waone. Picha ya eksirei ilionyesha taya zima la Judica, meno yamesimama kama watu mstarini.

"Haya, binti. Hii ndiyo chonge yako ya kulia. Chonge hukaa hapa mbele, jirani na meno ya kukatia. Yako imekaa huku nyuma, katikati ya magego madogo mawili. Na gego dogo la kwanza limekuja mbele kukaa kwenye nafasi ya chonge. Yamebadilishana. Upande wa kushoto, kila moja lipo kwake."

"Ndiyo maana wananiita Msumeno," Judica alisema nyuma ya kiganja.

"Nani anakuita hivyo?"

"Shuleni. Wote."

"Yarudishwe," Brayson alisema. "Kila jino liende kwao. Waya si inavuta?"

"Inavuta."

"Basi ivute. Mimi nanyoosha vyuma, daktari. Geti likipinda nalinyoosha."

Daktari alivaa miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Geti lako likivunjika unalichomelea. Mzizi wa jino ukiliwa, nani ataniuzia mwingine? Ili haya yapishane, moja lipite ubavuni mwa lingine ndani ya mfupa mwembamba kama ganda la yai. Linaweza kufika. Linaweza pia kufika halina mzizi, fizi imeshuka, na binti ana jino linalocheza kabla hajaolewa."

"Sasa unatushauri nini? Tukate tamaa?"

"Nashauri tuyaache yalipo. Nitafunga waya, niyanyooshe yote yakae mstari mmoja. Kisha ile chonge niisage ncha, na gego lililokaa mbele nilijazie kidogo lifanane na chonge. Akicheka, hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Kaka," Judica alisema, "mdomo ni wa nani?"

Brayson hakuwahi kupenda kitu kilichoachwa kimepinda.

Dk. Oliva alikuwa ameikuza picha upande wa kulia. Aliitazama kwa muda, kisha akamwambia Judica afungue mdomo, akapitisha kidole polepole juu ya fizi.

"Hapa pana kovu la zamani. Ulipokuwa mchanga, kuna mtu alikutoa meno ya plastiki?"

Brayson alijibu kabla ya dada yake. Hili alikuwa analijua, na alilisema kwa majivuno. "Bibi yetu. Alikuwa na homa huyu, anaharisha, wameshakata tamaa. Bibi akatoa upande mmoja. Alipotaka kumgeuza kichwa aingie upande wa pili, marehemu mama akamnyakua, akakimbilia shamba la mahindi. Alikaa huko mpaka jioni, watu wanamwita, yeye kimya. Nyumbani tunaicheka mpaka leo. Bibi humwita huyu mke mwenzangu wa upande mmoja."

Daktari hakucheka.

"Upande gani aliotoa?"

Hadithi Brayson aliisimulia mara nyingi, na swali hilo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kulia," Judica alisema. Kiganja kilikuwa kimeshuka mapajani. "Mama aliniambia. Alisema, mwanangu, nilikimbia na upande wako wa kushoto."

Kwenye skrini upande wa kushoto ulikuwa umenyooka, na ule wa kulia umevurugika.

"Siwezi kuapa," Dk. Oliva alisema. "Wapo watu ambao hawakuguswa na chochote, na meno yao yamebadilishana vilevile. Lakini nyuma ya chonge ya utotoni ndipo inapolala mbegu ya chonge ya ukubwani. Anayechimba kwa chuma, anachimba hapo. Na vile vivimbe vyeupe si ugonjwa. Ni meno ya mtoto, yanajiandaa kuota kama ya kila mtu. Homa ya binti huyu ilikuwa na jambo lake lingine, ikapona. Wengine tunaletewa kidonda kimeoza na damu imeingia uchafu. Hao..." Alikatiza maneno. "Wewe kijana, mbona umebadilika uso? Nyumbani kuna mchanga?"

Brayson alikuwa ameshatoa simu.

Namba ya Nasma iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara hii ilipokelewa.

"Mume wangu," Bibi Tabu alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kama bibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. "Simu ninayo mimi, ilikuwa sebuleni. Mke mwenzangu amejifungia chumbani na mtoto tangu ulipoondoka. Maji yangu yamechemka mara mbili. Njoo umwambie afungue."

"Bibi, usifanye kitu."

"Nifanye nini? Nimekaa na mlango." Akashusha sauti. "Mtoto alikuwa analia humo ndani. Sasa ameacha."

Brayson alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Judica alikuwa tayari amechukua mkoba.

"Daktari, meno yangu—"

"Nenda. Meno yatanisubiri."

"Yaache yalipo," Judica alisema akiwa mlangoni. "Mwezi ujao nakuja, unifunge waya, uyaache yalipo."

Brayson alimsikia, na hakubisha.

Pikipiki yake aliiendesha kama aliyeiiba. Judica alimshika kiunoni kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa wazi mbele ya watu wa Majengo bila kiganja cha kuuziba. Lori la mahindi lilikuwa limeziba njia, Brayson akapita kandokando ya mtaro. Alikuwa anawaza komeo. Mlango wa chumba chao ulikuwa wa mbao nzito ya mninga, na komeo la ndani alilitengeneza yeye mwenyewe, nondo nene kuliko kidole gumba, baada ya wezi kuingia kwa jirani. Alimwambia Nasma siku ile, hapa hata mimi sivunji. Walicheka.

Nyumbani, Mjimwema, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Bibi Tabu alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba, miguu ameinyoosha, sahani ya bati mapajani. Kwenye sahani kulikuwa na chumvi, majani yaliyopondwa, kitambaa cheupe, na ile spoku. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri zamu yake.

"Afadhali umekuja," alisema. "Mwambie. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Brayson aligonga. "Nasma. Fungua."

Akagonga tena.

"Mama Remmy, nimesema fungua mlango."

"Asubuhi ulisemaje?" Sauti ya Nasma ilitoka chini, kama mtu aliyekaa sakafuni na mgongo ameuegemeza mlangoni. Ilikuwa imekauka. "Bibi akisema fungua, fungua. Si ndivyo? Sasa umekuja kusema wewe kwa niaba yake. Wallahi sifungui."

"Mtoto yuko vipi?"

"Yuko na mimi."

"Nauliza yuko vipi, Nasma."

"Hanyonyi tena. Namdondoshea maji ya kwenye chupa, yanatoka pembeni. Macho yameingia ndani."

Bibi alishusha pumzi. "Unaona? Nilisema. Anaondoka huyu, na dawa ipo hapa kwenye sahani."

Judica alipiga magoti karibu na kitasa. "Wifi, mimi Judica. Tumetoka kwa daktari. Kaka hataki tena. Tumekuja tumpeleke hospitali."

"Wifi, wewe nakuamini. Lakini wewe huna nguvu ya kumshika kaka yako." Nasma alikohoa. "Nikifungua, yeye atanishika mimi na Bibi atamshika mtoto. Niliwaona jana wakipanga. Ile spoku aliinoa nani?"

Brayson aliweka bega kwenye mlango, akausukuma kwa uzito wote. Mlango haukutikisika. Aliujua. Angeweza kwenda karakana akalete mashine ya kukatia, akate bawaba, aingie na cheche na kelele kwa mwanamke anayeamini amekuja kumnyang'anya mwana. Kwenda na kurudi, na yule mtoto ameshaacha kulia.

"Nasma," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Nilikosea."

Neno hilo hakuwahi kulisema katika nyumba hiyo. Bibi Tabu aligeuza shingo kumtazama.

"Maneno unayo mengi," Nasma alisema kutoka ndani. "Hata siku uliyoniposa ulikuwa nayo."

Hapo Brayson aliangalia sahani. Akainama, akaichukua spoku.

"Weka chini hiyo," Bibi alisema. "Nimeshaichemsha, utaichafua."

Aliishika mkononi. Ilikuwa nyepesi, bado ina uvuguvugu, na ncha yake ilikuwa kazi nzuri. Fundi yeyote angeisifu. Alimtazama Judica aliyekuwa amepiga magoti, mdomo wazi kwa kuhema, chonge yake nyuma na gego lake mbele. Kisha akachuchumaa. Chini ya mlango palikuwa na uwazi mdogo, mahali sakafu ilipobonyea. Akailaza spoku kwenye saruji, ncha ikielekea kwake, akaisukuma ikapita kwa mlio mwembamba mpaka upande wa pili.

"Hiyo hapo," alisema. "Nyingine haipo. Kaa nayo wewe. Mimi nimesimama ukutani, na Judica amekaa kati yangu na mlango."

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Bibi Tabu hakupiga kelele. Aliweka sahani sakafuni polepole, kana kwamba ni nzito.

"Umempa mkeo mkono wangu," alisema. "Mkono uliomtoa baba yako kaburini, umeupitisha chini ya mlango kama takataka."

"Ndiyo, Bibi."

"Mtoto akifa, utaniita nije kulia. Sitakuja."

Jibu kali likamjia Brayson lote mdomoni. Akaling'ata. Alikuwa anasikiliza mlango.

Komeo lilisaga. Likasimama. Likasaga tena.

Nasma alitoka na mtoto amefungwa kifuani kwa kitenge, mkono mmoja umemshika kichwa, mwingine umeshika spoku kama mtu anavyoshika kisu. Hakumtazama mumewe. Alipita kati yao wote moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, akakaa, na ndipo aliposema, "Twende."

Hospitali muuguzi alimpokea Remmy, akamfinya ngozi ya tumbo na kuitazama inavyochelewa kurudi. Kisha, kabla ya kitu kingine chochote, akamfungua mdomo kwa kidole na kumulika taa.

"Hawajamgusa," alimwambia mwenzake. "Afadhali. Leta dripu."

Mshipa ulikataa mkononi, ukakataa mguuni, ukapatikana kichwani. Damu ilionyesha malaria, na maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Brayson alisimama mwisho wa kitanda, mikono ameikunja, akihesabu matone bila kujua anahesabu. Nasma alikaa upande wa pili. Mchana ulipita hivyo, na baridi ya Juni ikaanza kuingia madirishani. Judica alikuwa akienda na kurudi na maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyanywa.

Jioni mtoto alikojoa. Nasma aliugusa ule unyevu kwenye kitambaa, akauangalia mkono wake, kisha akamwangalia mumewe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Muda mfupi baadaye Remmy alilia, kilio kidogo cha hasira, akatafuta ziwa. Akalishika. Nasma alijikunja.

"Ananiuma."

"Anauma na nini?" Brayson aliuliza. "Hana hata jino."

"Anayo mawili njiani," Nasma alisema. "Wewe ndiye uliyetaka kuyatoa."

Hakucheka, lakini sauti haikuwa ile ya nyuma ya mlango.

Saa ya kutazama wagonjwa, Bibi Tabu aliingia wodini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha safari, mkononi ana chupa ya uji. Alisema hatakuja kulia, na hakuwa amekuja kulia. Alikuja kwa sababu mwanamke anayenyonyesha hawezi kulala njaa. Aliweka uji kwenye meza ndogo. Judica alimwamkia. Bibi alimshika kidevu.

"Fungua."

Judica alifungua. Bibi alimgeuza kuelekea dirishani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia. Kidole chake kilipanda juu ya fizi kikakuta kovu, kikasimama hapo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Huu wa kushoto ndio aliokimbia nao mama yako," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikuwa nasema huo ndio utakaokusumbua."

Alimwachia kidevu. Alifuta kidole kwenye kitenge, muda mrefu kuliko kilivyohitaji kufutwa. Kisha akamgeukia Brayson. "Spoku yangu iko wapi?"

"Nasma anayo."

"Kule Lusewa kila baiskeli inazo."

"Najua, Bibi. Lakini mimi sitanoa."

Bibi Tabu alisimama akilifikiria hilo, au akilikataa. Uso wake haukuonyesha. Alisogea kitandani, akainama juu ya mtoto aliyekuwa ameliachia ziwa na kulala mdomo wazi. Vivimbe vile vyeupe vilionekana, kimoja huku, kingine kule.

"Bado yapo," alisema.

"Yapo," Nasma alijibu. "Yataota."

Bibi alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, mitupu, kama anavyonyoosha bibi yeyote kuomba kitukuu chake. Brayson alimwona Nasma akitazama ile mikono, na alijua safari hii hana la kumwamuru. Mkono wa Nasma ulishuka kwenye fundo la kitenge kiunoni, mahali ncha ya chuma ilipotokeza.

"Leo hapana, Bibi," alisema kwa upole.

"Na kesho?"

"Kesho utamshika nikiwa nimekaa hapa."

Bibi aliiacha mikono hewani kidogo, kisha akaishusha. Akavuta kiti, akakaa, akafungua chupa, na kuanza kumimina uji.